Kula kwa kufuata kundi la damu: kuna ukweli, au ni karatasi tu inazunguka?

#1 MlaMofa
Habari wakuu. Hapa Tanga kuna karatasi inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na wengine wameibandika kabisa ukutani jikoni. Inagawa vyakula kwa kundi la damu. Wa O wale nyama, waachane na ngano, mahindi, maziwa, machungwa na kahawa. Wa A waachane na nyama, maziwa, machungwa, papai na ndizi. Wa B wasiguse kuku, mahindi, karanga, ufuta wala nyanya. AB wanachukua huku na huku. Nazi imepigwa marufuku kwa O na kwa A.

Sasa chukueni nyumba ya kawaida: baba O, mama A, watoto wawili B. Kwa karatasi hii mpishi inabidi abandike vyungu vitatu kila mchana. Kuna msingi wowote wa kitaalamu? Wajuzi wa lishe na maabara shukeni, na mtupe sababu, si "nimesikia".

#2 Kibua_Mkavu
Nazi ikatazwe Tanga? Mchicha wa nazi, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka, mhogo wa nazi, wali wenyewe! Na O ndio wengi kuliko kundi lolote hapa nchini. Machungwa ya Muheza nayo atakula nani, maana O kakatazwa na A kakatazwa?

Nasubiri wajuzi. Nimekaa mkekani.

#3 LisheKwanza
Asili ya karatasi hiyo ni Marekani. Mwenyewe anaitwa Peter D'Adamo, tabibu wa tiba asilia, alitoa kitabu chake mwaka 1996, akiendeleza mawazo ya baba yake, James D'Adamo. Hoja zake ziko mbili, na ni vizuri tuzitenganishe maana watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni ya historia: kwamba O ni damu ya wawindaji wa kale, A ilikuja na kilimo, B ikaja na wafugaji wanaohamahama, AB ni mchanganyiko wa juzi juzi. Kwa hiyo kila mtu ale walichokula "mababu wa kundi lake".

Ya pili ni ya kikemia: kwamba vyakula vina protini ziitwazo lektini, na lektini ya chakula kisicho chako hushikamanisha seli zako za damu.

Hoja hizi zinaweza kupimwa, na zimepimwa. Tuanze na ipi?

#4 FundiMaabara
Kabla ya chakula, MlaMofa, mfano wako wa #1 una kasoro. Baba O na mama A hawazai mtoto B. O hutoa O tu, A hutoa A au O, basi watoto wao ni A au O. Zipo hali za nadra mno za kurithi zinazovunja kanuni hii, lakini mtu asianzie huko, na wala asianzie kumshuku mwenzake. Nyumba ikipata majibu kama hayo, hatua ya kwanza ni kurudia kipimo cha wote, kwa sababu kosa la kupima au la kuandika ndilo linalotokea mara nyingi. Ukitaka watoto B kwenye mfano wako, mfanye mama awe AB.

Na hili linaugusa uzi wenyewe. Mtu anapanga chakula cha maisha yake yote juu ya kipimo cha kigaeni alichofanyiwa kwenye foleni. Tone la anti-A, yaani kitendanishi cha kutambua A, lina rangi ya bluu. Tone la anti-B, njano. Tone la anti-D, la kusoma kama ni chanya au hasi, halina rangi. Kando ya kila tone unaweka damu, unachanganya kwa kijiti kipya kila mahali, unakiyumbisha kigae taratibu na kusoma ndani ya dakika mbili.

Kinachoharibu: damu kuzidi kitendanishi, kijiti kimoja kutumika kote, msomaji kuondoka na kurudi baada ya dakika tano, kingo zimeshakauka, vichembe vya ukavu vinaonekana kama seli zilizoshikamana. Na kwa joto letu, kubwa zaidi ni vichupa kuachwa mezani mchana kutwa. Vinatakiwa viwe kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kitendanishi kikichoka, mtu wa A anasomeka O.

Panapofanywa vizuri wanapima pande mbili: seli za mtu kwa vitendanishi, halafu plasma yake (maji ya damu) kwa seli za A na za B zinazojulikana. Pande zikikataana, jibu halitolewi mpaka ijulikane kwa nini.

#5 MlaMofa
Shukrani Fundi. Basi mama ni AB. Vyungu bado vitatu.

#6 Jeni_na_Mbegu
Nichukue hoja ya historia aliyoitaja LisheKwanza #3. Haisimami.

Jeni ya ABO iko kwenye kromosomu ya 9. Mwenye A ana kimeng'enya kinachobandika sukari moja juu ya seli nyekundu, N-asetili-galaktosamini. Mwenye B kimeng'enya chake kinabandika galaktosi. Mwenye O kimeng'enya hakifanyi kazi, hivyo hakibandikwi kitu juu ya sukari ya msingi. Na kwa nini hakifanyi kazi? O iliyo ya kawaida kabisa duniani ni jeni ya A iliyopoteza herufi moja ya DNA. Herufi ikitoka, maandishi yote yanayofuata yanasogea na kimeng'enya kinakatika kabla hakijakamilika. Sasa O iliyozaliwa kutokana na A itaitangulia vipi A?

Isitoshe, A na B si za binadamu peke yake. Sokwe ana A. Gorila ana B. Giboni wana zote mbili. Tofauti hii ya A na B ina angalau miaka milioni 20, wakati kilimo kina kama miaka 10,000. Kwa karatasi ya D'Adamo, gorila na B yake angekuwa mnywa maziwa.

#7 Bint_Pangani
Jamani, historia inaweza kuwa mbovu na chakula kikawa sahihi. Hata waganga wetu wana dawa zinazofanya kazi ingawa maelezo yao ya ugonjwa ni mengine. Wapo watu wa O walioacha chapati, maandazi na soda, wakala samaki, nyama kidogo na mboga. Wiki ya kwanza wamepungua kilo mbili, kiungulia kimeondoka, na baada ya miezi presha imeshuka. Hao mtasema wanajidanganya?

#8 LisheKwanza
Hawajidanganyi dada, wamepungua kweli. Suala ni nani apewe sifa.

Fanya hesabu ya mtu wa kawaida hapa mjini. Asubuhi maandazi mawili, karibu kalori 400 kulingana na ukubwa. Chai ya vijiko vitatu vya sukari, kama 50. Mchana soda ya mililita 350, sukari gramu 35 hivi, kalori 140. Jioni chapati mbili, 500 au zaidi zikiwa zimenywa mafuta. Vitu hivyo vinne vimemfikisha kalori 1,000 na ushee. Akiviondoa akaweka samaki na mchicha wa kalori 500, kwa siku anapungukiwa na 500. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni takribani kalori 7,700, kwa hiyo nusu kilo kwa wiki inakwenda bila kuuliza kundi la damu.

Hizo kilo mbili za wiki ya kwanza nyingi ni maji. Mwili unahifadhi wanga kama glikojeni, gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu inakaa na takriban gramu tatu za maji. Ukipunguza ngano na sukari ghafla, glikojeni inatumika na maji yake yanatoka. Ndiyo maana akila wali na chapati shibe ya harusi moja, mizani inarudi juu asubuhi yake, na anadhani "ngano ya O" imemvamia.

Presha: ile namba ya juu hushuka kama pointi moja kwa kila kilo inayopungua. Kiungulia: mafuta ya kukaangia yamepungua, mlo wa usiku umekuwa mdogo. Wa A angefanya hivyo hivyo angepata hayo hayo.

#9 Mzee_Raskazone
"Angepata hayo hayo" ni maneno, kijana wangu. Kuna aliyepima?

#10 LisheKwanza
Yupo, mzee wangu. Chuo Kikuu cha Toronto, mwaka 2014, watu 1,455. Waliwauliza wanakula nini, wakampa kila mmoja alama nne: chakula chake kinakaribia kiasi gani orodha ya A, ya B, ya AB na ya O. Halafu wakapima kiuno, uzito, presha, mafuta ya damu, insulini.

Waliokula kwa mtindo wa A (mboga nyingi, matunda, nafaka) walikuwa na kiuno kidogo na presha nzuri zaidi. Waliokula kwa mtindo wa O walikuwa na traigliseridi (aina ya mafuta ya damu) za chini, jambo la kawaida mtu akipunguza wanga. Lakini walipotazama kundi la damu la kila mtu, halikubadilisha kitu. Wa O aliyekula "chakula cha A" alinufaika sawasawa na wa A.

Mwaka mmoja kabla, 2013, watafiti wengine walipitia maandiko yote ya kisayansi wakitafuta ushahidi wa moja kwa moja kwamba lishe hii inafanya kazi kwa sababu ya kundi la damu. Hawakuupata.

#11 Bint_Pangani
Huo wa Toronto ulikuwa wa kuuliza tu, na vijana wa miaka ya ishirini. Hakuna aliyepewa orodha akaambiwa aifuate. Mtu anakumbuka alichokula mwezi mzima? Na kukaribia orodha si kuifuata.

#12 LisheKwanza
Hoja yako ina uzito, na ndiyo maana nausoma pamoja na mwingine. Marekani kuna jaribio la wiki 16, watu wanene waliopewa chakula cha mimea kitupu chenye mafuta kidogo, hicho hicho kwa wote. Baadaye wakapimwa kundi la damu, watu 68. Kama karatasi ni kweli, wa A wangeng'ara na wa O wangeumia, maana O kanyimwa nyama. Kupungua uzito, sukari, mafuta ya damu: hakukuwa na tofauti ya maana kati ya A na wasio A, wala kati ya O na wasio O.

Nalo halijajaribu orodha nzima ya D'Adamo. Hilo nakuachia.

#13 Mbaazi_za_Asubuhi
Mimi napika kwa ajili ya watu wengi, nataka kujua la lektini. Karatasi inasema maharage ni sumu kwa A na kwa O. Ni kweli yana kitu?

#14 FundiMaabara
Mama, kitu kipo, na hapa karatasi imegusa ukweli ikaupindisha.

Lektini ni protini inayokamata sukari fulani. Kwa kuwa A na B ni sukari zilizobandikwa juu ya seli, zipo lektini chache zinazochagua kundi. Ya maharage ya lima hukamata seli za A. Jamii moja ya choroko za India inatoa lektini inayokamata A yenye nguvu, nayo tunaitumia maabara kutenganisha A1 na A2. Hivyo wazo halikutoka hewani.

Ila nyingi kati ya lektini za vyakula ama hazikamati seli nyekundu kabisa, ama zinakamata za makundi yote bila kuchagua. Ile ya maharage mekundu ni ya aina hii ya pili: O, A, B, AB, wote inawashika. Na sumu yake ni ya tumboni, haingoji damu. Mbegu nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu ndani ya saa tatu, kisha anaharisha.

Dawa yake ni moto. Loweka saa tano au zaidi, usiku kucha ni bora, mwaga maji, weka mapya, yachemke kwa nguvu, mapovu yakiruka, dakika 10 kwa uchache na 30 kwa usalama zaidi. Baada ya hapo ndipo upunguze mkaa yaive polepole. Hatari ni kuyaanza kwenye moto hafifu: chini ya nyuzi 80 lektini haivunjiki, na maharage ya vuguvugu hivyo yanaweza kuwa makali kuliko mabichi. Yanaonekana yamelainika kumbe sumu bado.

Mtu anayesema "maharage yananikataa, mimi ni A" mwulizeni kwanza yalipikwaje.

#15 Mbaazi_za_Asubuhi
Ahsante sana mwanangu. Na mbaazi na kunde?

#16 FundiMaabara
Lektini zake ni chache ukilinganisha na maharage mekundu. Loweka, mwaga maji, chemsha mpaka ziive vizuri. Tui liingie mwishoni.

#17 Kibua_Mkavu
Kwa hiyo seli zikishikamana ndio damu inaganda mtu anapata kiharusi? Maana kwenye karatasi wameandika hivyo hivyo.

#18 Jeni_na_Mbegu
Hapana mkuu, hayo ni mambo mawili. Kuganda ni kazi ya chembe sahani na nyuzi za faibrini. Kushikamana ni seli nyekundu kuvutwa pamoja na kingamwili au lektini, kama mgonjwa akiongezewa damu isiyo yake. Kama mbaazi za asubuhi zingefanya hivyo ndani ya mishipa, mngeona mkojo mwekundu na manjano kabla ya saa sita mchana. Lektini nyingi zilizopikwa zinavunjika, na kinachobaki kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno.

#19 Daktari_wa_Kijiji
Naomba msivuke mpaka upande wa pili mkasema kundi la damu halina uhusiano na afya. Lina, na baadhi yetu pwani linatuhusu moja kwa moja.

Malaria kali: wa O wana kinga fulani. Vimelea vya falsiparamu vinapoingia kwenye seli, seli ile huvuta nzima zilizo jirani na kutengeneza kichane kinachoziba mishipa midogo. Sukari za A na B ndizo gundi mojawapo. O hana, vichane vyake ni dhaifu. Kuugua anaugua, ila uwezekano wa kufika hali mbaya ni mdogo zaidi.

Kuganda kwa damu: wa O wana protini ya von Willebrand, inayosaidia damu kuganda, pungufu kwa kama robo, kwa hiyo damu kuganda kwenye mishipa ya miguu ni adimu kidogo kwao kuliko kwa A, B na AB. Vidonda vya tumbo: O zaidi. Saratani ya tumbo: A zaidi kidogo, hili limejulikana tangu miaka ya 1950. Kipindupindu: O akikipata, humwendea vibaya zaidi.

Lakini hakuna hata kimoja hapo kinachosema "usile papai". Mwenye O na vidonda vya tumbo tunamtafutia bakteria H. pylori na tunamwuliza dawa za maumivu anazomeza, hatumpi orodha ya nyama.

#20 Bint_Pangani
Hapo sasa! Kama tumbo la O ni tofauti na la A kwenye vidonda na kwenye saratani, kwa nini lisiwe tofauti kwenye kumeng'enya? Wafuasi wa lishe hii wanataja kimeng'enya cha utumbo, fosfatazi alkali, kwamba baada ya mlo wa mafuta kinapanda zaidi kwa O na B kuliko kwa A. Hicho kimepimwa tangu miaka ya 1960, si cha D'Adamo. Na kuna suala la watu wanaotoa antijeni zao (zile alama za A na B) kwenye mate na ute wa utumbo na wasiotoa. Hamjaligusa kabisa.

#21 Daktari_wa_Kijiji
Umesoma dada, na uko sahihi kwamba tofauti ile ya fosfatazi ipo. Jeni ya kutoa antijeni kwenye mate ni FUT2, iko kromosomu ya 19, tofauti na ya ABO. Inahusika hata na virusi vya norovirusi: asiyetoa hashambuliwi kirahisi na aina zake nyingi.

Ila kutoka "kimeng'enya kinapanda zaidi" hadi "ale nyama kila siku atakuwa na afya" kuna hatua nyingi hazijapitiwa. Kupanda kwake kwenye damu hakujaonyesha kwamba O anameng'enya mafuta vizuri zaidi, wala kwamba A anashindwa.

#22 Jeni_na_Mbegu
Mimi ningeliacha wazi kidogo kuliko Daktari. Utumbo una bakteria wanaokula sukari za ute, na sukari hizo zinatofautiana kwa ABO na FUT2. Inawezekana siku moja ikaonekana tofauti ndogo ya chakula kati ya makundi. Hata ikionekana, haitafanana na hii karatasi.

#23 Mnywa_Mtindi
Mbona maziwa hamjayazungumza? Tanga mji wa maziwa huu. Karatasi inasema B ndiye wa maziwa, O na A wakae mbali. Na kweli wapo wengi yanaowavuruga tumbo.

#24 LisheKwanza
Yanawavuruga, lakini chanzo kiko kwenye kromosomu ya 2, jeni ya laktasi, haina habari na ABO. Ukiwa mkubwa kimeng'enya hicho hupungua, sukari ya maziwa inafika utumbo mpana, bakteria wanaichachusha: gesi, tumbo kunguruma, kuharisha. Jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki wengi wao hubaki nacho ukubwani, awe O awe A.

Glasi ya mililita 250 ina laktosi gramu 12 hivi. Wengi wasio na kimeng'enya wanavumilia kiasi hicho kikiwa pamoja na mlo, wanashindwa na nusu lita tumbo likiwa tupu. Mtindi una laktosi pungufu na bakteria wake wanasaidia kuivunja. Kwa hiyo anza na mtindi kikombe kimoja pamoja na ugali au viazi, usianze na maziwa ya moto asubuhi.

#25 Mla_Bunju
Kwa wenzetu Japani kundi la damu linatumika kujua tabia, hata wachumba wanaulizana. Mtu mmoja aitwaye Takeji Furukawa aliliandikia mwaka 1927. A mpole, B mkaidi, na kadhalika. Kibua_Mkavu wewe lazima B.

#26 Kibua_Mkavu
O, mkuu. Na jina lako hilo ungelibadilisha, samaki bunju hana kundi la damu analolisamehe.

#27 Daktari_wa_Kijiji
Kibua kasema jambo la kweli kabisa. Sumu ya bunju iko kwenye ini, mayai, utumbo na ngozi, haivunjwi na moto, na haina dawa ya kuifuta. Ganzi ya midomo, kisha viungo kulegea, kisha pumzi. Ukiona ganzi baada ya kula samaki, hospitali papo hapo, hakuna maziwa wala mafuta ya kunywa.

Na mhogo mchungu nao una sumu, hata majani yake. Kisamvu kitwangwe barabara, kwa sababu kutwanga ndiko kunakokutanisha kimeng'enya na sumu ili sayanidi itoke, halafu kichemshwe sufuria ikiwa wazi ipae na mvuke. Hivi ndivyo vyakula vya kuogopa hapa pwani, na vinamdhuru wa A na wa O bila ubaguzi.

#28 MlaMofa
Turudi kwenye mada wakuu. Mtu anahisi kuna chakula kinamkataa. Karatasi mmeikataa. Afanye nini badala yake?

#29 LisheKwanza
Chakula kimoja kwa wakati. Wiki moja ya kwanza ale kawaida yake, aandike kwenye daftari: saa, alichokula na kiasi chake, dalili na saa ilipoanza. Kisha aondoe chakula kimoja tu anachokishuku kwa wiki mbili, kikamilifu. Ngano ikiwa ndiyo inashukiwa, basi chapati, maandazi, mkate, tambi, sambusa na unga wa kuzungushia samaki vyote vitoke. Hapo watu wanakosea, wanaacha mkate wanakula sambusa.

Baada ya wiki mbili akirudishe: siku ya kwanza kiasi kidogo, ya pili nusu ya kawaida, ya tatu kawaida kamili. Dalili zikirudi, apumzike mpaka zitulie, arudie tena mara ya pili. Zikirudi mara zote mbili, hicho kweli ni chake. Akiondoa vyakula kumi kwa mkupuo kama karatasi inavyotaka, hata akipata nafuu hatajua ni kipi.

Chakula kilichowahi kumvimbisha midomo au kumbana pumzi asijaribu kukirudia mwenyewe akiwa nyumbani.

#30 Bint_Pangani
Hiyo nimeipenda. Ila mwenye O akiiondoa ngano akapata nafuu, nitasema karatasi imepatia.

#31 LisheKwanza
Utasema hivyo mpaka wa B naye aiondoe apate nafuu hiyo hiyo. Wajaribishe wote wawili.

#32 Daktari_wa_Kijiji
Kwa wenye hali hizi tafadhali msianze lishe ya kundi lolote kabla ya kuonana na anayewatibu.

Mjamzito wa A anayeambiwa aache nyama: damu itashuka. Asipotaka nyama, basi dagaa, maharage na mboga za kijani pamoja na limau au chungwa (lile lililokatazwa) ili chuma kifyonzwe, chai isogezwe saa moja mbali na mlo, na vidonge vya kliniki visiachwe.

Mwenye kisukari anayetumia glibenklamidi au insulini: ukiondoa wanga ghafla na dozi ikabaki ile ile, sukari inaporomoka. Jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa.

Mwenye figo dhaifu au gauti wa kundi O: nyama kila mlo ni kumwongezea mzigo.

Kuhusu nazi, mwenye mafuta mengi kwenye damu ana sababu ya kuipunguza, na si kwa ajili ya O wala A. Kasimile (tui zito la kwanza) ya mililita 100 ina mafuta gramu 20 hivi, mengi ya aina inayopandisha lehemu. Tumia tui la pili, kasimile iwe ya Ijumaa.

#33 Mzee_Raskazone
Tui la pili! Kijana, hilo utawaambia watu wa bara. Mengine yote nimeyapokea.

#34 Bint_Pangani
Fundi, swali la mwisho kwangu. Mtu ana kadi mbili za vituo tofauti, moja O+, nyingine A+. Ashike ipi?

#35 FundiMaabara
Asishike yoyote. Aende na kadi zote mbili, apimwe upya pande zote mbili, aombe kabisa kwamba plasma nayo ipimwe. Awaambie kama aliongezewa damu ndani ya miezi mitatu iliyopita, maana sampuli yake inaweza kuwa na seli za mtu mwingine. Kama ana afya, miaka 18 hadi 65, uzito kilo 50 kwenda juu, akichangia damu atapimwa kundi bila malipo. Hapa mjini anaweza kuulizia hospitali ya Bombo. Kwa kundi A dhaifu, jibu la kigaeni linaweza kutoka O kabisa na plasma ndiyo itakayomfichua: mwenye O ana kingamwili za A na za B, huyu atakuwa na za B peke yake.